Vita vya Siku Nne vya Kulifungua Tumbo la Mstaafu

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili na mahali pa kukaa. Na asiye na mahali pa kukaa asimame, lakini asitikisike, maana habari inayokuja si ya kusikilizwa huku mtu akitafuna. Wengine wameandika habari za miji iliyozingirwa miaka kumi, na za majemadari waliovusha majeshi mitoni, na karatasi zao zikajaa damu hadi zikashikamana. Sisi hatuwaonei wivu. Sisi tumepewa kunakili habari za mji mmoja mwembamba, wenye urefu wa futi nne na inchi mbili, uliofungwa kwa ndani siku thelathini na moja, na za mtu mmoja mwenye miwani aliyeusimamia hadi lango lake la nyuma likafunguka. Tutayasema kama yalivyokuwa, wala hatutatia chumvi, kwa kuwa chumvi ilikuwamo tayari.

Shujaa wetu alikuwa fundi wa kushona. Wateja walimwita Fundi, majirani walimwita Fundi, na mkewe alimwita Fundi siku alizokuwa radhi naye, na "wewe" siku zilizobaki. Huyo ndiye Fundi Macho Manne, Bwana wa Mikasi Mitatu, Mnyoosha Suruali Zilizokata Tamaa, Mwenye Pindo Lisiloonekana, ambaye katika miaka ishirini na sita ya kazi hakuwahi kuona uzi unaning'inia kwenye nguo ya mtu, awe mteja au mpita njia, akaweza kuuacha. Aliwahi kumvuta uzi hakimu aliyekuwa akivuka barabara. Aliwahi kumvuta uzi bibi harusi mbele ya wageni mia mbili, na pindo lote likafuata. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe, na yeye aliufuata nyuma akiomba radhi.

Duka lake lilitazama barabara, na nyuma ya duka vilikuwa vyumba vitatu vya kuishi. Katika chumba cha katikati, juu ya kabati, palikuwa na sanduku la kioo lenye taa ndogo ya joto, na ndani ya sanduku hilo alikaa Mstaafu. Mstaafu alikuwa chatu. Hakuwa wa wale wa kumeza mbuzi, ambao watu husimuliana kwa kupanua mikono. Alikuwa wa jamii ndogo, rangi ya kahawa yenye mabaka ya dhahabu, mpole wa kupindukia, ambaye akishtuka hujiviringa akawa donge na kuficha kichwa katikati. Jina hilo alilipata kwa kuwa alilala mchana kutwa, alikula mara moja kwa majuma mawili, na hakuna mtu aliyethubutu kumuuliza anafanya kazi gani.

Aliyempa jina alikuwa marehemu. Mke wa Fundi aliolewa mara ya kwanza na mtunzaji wa nyoka, mtu wa nyumba ya maonyesho, ambaye siku moja alirudi kazini na kitoto cha chatu ndani ya mfuko wa shati, akampa binti yake aliyekuwa na miaka sita. Miaka minne baadaye mtunzaji alifariki kwa homa. Binti akabaki na mama yake, na picha mbili, na Mstaafu. Mama alipoolewa na Fundi, binti alikuwa na miaka kumi na minne, na aliingia katika nyumba mpya amebeba sanduku la kioo mbele ya kifua, hakukubali mtu amsaidie.

Kwa miaka miwili binti alimheshimu Fundi bila kasoro. Alimwambia, "Shikamoo, Fundi," akangoja aitikiwe, akapita. Ilikuwa heshima kamili, ile ya mteja aliyekuja kuchukua suruali yake, na ilimuuma Fundi kuliko matusi. Binti alisoma shule ya bweni, na likizo zote alizimalizia kwa shangazi yake, dada wa marehemu, ambaye pia ndiye aliyekuwa akimtunza Mstaafu muhula mzima. Mama alimwona mwanawe siku mbili au tatu, kisha begi likaondoka.

Lakini mambo makuu huamuliwa na vitu vidogo, na safari hii yaliamuliwa na rangi ya ukuta. Shangazi alikuwa anapaka nyumba yake, na harufu ya rangi ni sumu kwa mapafu ya chatu. Hapakuwa na mahali pengine. Binti akasimama mbele ya cherehani, mkoba begani, akasema:

"Fundi, nakuomba. Gazeti chini, taa juu, maji safi. Panya mmoja kila baada ya wiki mbili, wako kwenye friji. Usibadilishe kitu kingine chochote."

Fundi akasimama. Akaweka kiganja juu ya cherehani kama wengine wanavyoweka juu ya kitabu, akatoa sauti iliyosikika hadi kwa kinyozi wa jirani.

"Ewe binti wa nyumba hii! Mbele ya chuma hiki kilichonilisha tangu ujana wangu, naapa! Taa haitazimika, maji hayatachafuka, na mnyama huyu utamkuta kama ulivyomwacha, au mimi nisiitwe fundi!"

"Sawa," binti akasema. "Gazeti tu lakini."

Jioni hiyo mama alikuwa akikunja nguo, akamwambia mumewe maneno aliyoambiwa na mwanawe mlangoni. "Amesema akimkuta salama atakaa hapa likizo nzima. Akimkuta na tatizo, anamchukua anakwenda naye kwa shangazi yake, na hatamwachia mtu tena." Alikunja kanga moja mara tatu zaidi ya inavyohitajika. "Wiki nne, Fundi. Sijakaa na mwanangu wiki nne tangu tuoane." Fundi akaenda kuhakikisha taa ya sanduku inawaka. Alitaka sana yule mtoto akae, na jambo alilolitaka sana hakulijulia hotuba.

Sasa, tutulie kidogo hapa, kwa maana ndipo kosa lilipozaliwa.

Majuma matatu Fundi alitii. Kila asubuhi alibadilisha gazeti na kuondoka. Hata ilipofika juma la nne, akainama kutazama, akamwona Mstaafu amelala kwenye ukurasa wa matangazo ya nafasi za kazi. Akaona si sawa. Mtu mwingine angeona nyoka juu ya karatasi; yeye aliona kiumbe mwenye umri wa heshima amelala bila tandiko ndani ya nyumba ya fundi wa kushona, na aibu ikampanda hadi masikioni. Akakusanya mabaki. Akachukua satini ya buluu, na flana ya pajama za meneja wa benki, na lesi nyeupe iliyobaki kwenye gauni la harusi, akashona godoro la futi mbili kwa moja na nusu, akalizungushia lesi pembeni kwa mkono, mshono mdogo sana. Ikawa kazi nzuri. Alimwita mkewe aje kuiona, na mkewe akasema, "Si alisema gazeti?" Fundi akasema kwamba godoro ni gazeti lililoendelea.

Siku ya mlo ikafika. Panya akayeyushwa kwenye maji ya moto, akawekwa juu ya godoro akiwa bado amelowa, kwa koleo refu, kwa kuwa Fundi hakuwahi kumgusa Mstaafu kwa mkono wala hakuwa na nia hiyo. Akafumba macho, kama alivyofumba kila mara. Alipofumbua, panya hakuwapo.

Tangu siku hiyo zikapita siku ishirini na nane, na Mstaafu hakupata choo. Alipokataa panya wa pili, Fundi alisema amekinai. Lakini Jumatano ya juma la tisa, siku ya kwanza ya vita, Fundi alipoinama na miwani yake akaona jambo ambalo jicho la fundi haliwezi kulikosa: kiuno kilikuwa kimeongezeka. Theluthi ya mwisho ya mwili, upande wa mkia, palikuwa na uvimbe.

Akalishika sanduku kwa mikono miwili, kisha akafanya alilojua kufanya. Akafungua daftari la vipimo, akaandika "Mstaafu" chini ya vipimo vya mwenyekiti wa ushirika, akachukua utepe wa kupimia, akaupitisha chini ya chatu kwa ncha ya koleo. Kifua, inchi nne na robo. Kiuno, inchi nne na nusu. Uvimbe, inchi sita kasorobo. Kisha, kwa kuwa shaka ilikuwa imeanza kumla, akalitoa godoro akalipima pande zote nne. Upande mmoja lesi ilikuwa pungufu kwa inchi tatu na nusu, na uzi uliokatika ulikuwa na alama ya kuvutwa kuelekea alikolala panya.

Fundi akakaa kwenye kiti cha wateja. Hakupata kukaa hapo tangu akinunue.

Baraza la vita likaitishwa dukani, wajumbe watatu. Kinyozi wa jirani alifika wa kwanza, kwa sababu alikuwa amesikia pedali ya cherehani imenyamaza, na akaja na chupa ya mafuta ya kupikia.

"Mimi nikifunga choo nakunywa vijiko viwili vya haya," akasema. "Kufika asubuhi, mambo yamekwisha."

"Wewe ni chatu?" mke wa Fundi akamuuliza.

"Tumbo ni tumbo, shemeji."

"Weka hiyo chupa chini. Nampigia daktari."

Fundi akainuka, akanyoosha mkono kuelekea barabarani, akanena: "Enyi wenzangu katika saa hii nzito! Adui yuko ndani ya ngome, na aliyemfungulia mlango ni mimi niliyeapa kuilinda! Jumamosi, saa sita mchana, basi la mwanafunzi litasimama kituoni. Tuna siku nne. Nani atakayesimama nami?"

"Mimi nina kichwa cha mtu pale nimekifikisha nusu," kinyozi akasema, "lakini nitakuwa naingia ingia."

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki, buti zake za mpira zina tope la zizini. Alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alisema wazi kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe na kuku, lakini njiani alikuwa amesimama akampigia mwenzake aliyesoma naye, ambaye kazi yake ni nyoka. Akamtoa Mstaafu sandukuni kama mtu anayetoa shuka kabatini, akampapasa taratibu kutoka kichwani hadi mkiani. Kwenye uvimbe akasimama.

"Ni laini, na panasogea. Hajaziba kabisa," akasema. "Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yamfike nusu ya mwili. Ukitia kiwiko usisikie moto wala baridi. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Baada ya hapo mwache atembee juu ya kitu chenye kukwaruza. Akiwa majini mpapase hivi, kuelekea mkiani. Kupapasa, si kuminya. Na kwa mikono mitupu, usikie kinachoendelea."

"Mitupu," Fundi akarudia.

"Usimlishe. Usimpe mafuta." Kinyozi akaisukuma chupa nyuma kwa kisigino. "Na la mwisho ndilo kubwa. Lesi ina nyuzi. Ukiona uzi unatokeza nyuma, usivute. Hata kidogo. Uzi ukivutwa, utumbo unajikunja juu yake na kukatika, na hapo hakuna daktari. Mwache autoe mwenyewe."

Mke wa Fundi, na kinyozi, na Fundi mwenyewe, wote watatu wakautazama mkono wa kulia wa Fundi.

"Asipotoa mpaka Jumamosi mchana, tumpeleke kwa mwenzangu apasuliwe," daktari akasema akivaa kofia ya pikipiki. "Na kwa umri wake, hilo sikuahidi kitu."

Basi vita vikaanza jioni hiyo hiyo. Mama alisema, "Godoro umeshona wewe. Mimi nitachemsha maji," na akachemsha, naye Fundi akayapima kwa kiwiko mara saba, akiongeza kikombe cha baridi na kikombe cha moto, hadi yakawa kama yalivyoamriwa. Kisha akasimama mbele ya sanduku. Alikuwa amevaa vitambaa viwili vya kushikia pasi. Akavivua kimoja kimoja, akavikunja, akaviweka pembeni, akaingiza mikono yake yenye alama za sindano pale ambapo haikupata kuingia.

Mstaafu alikuwa mkavu. Hilo ndilo la kwanza kuandikwa, kwa kuwa Fundi alitegemea ute. Alikuwa mkavu na laini, wa baridi kidogo, kama hariri iliyotoka kukatwa kwenye jora, na alikuwa na uzito wa kustarehe, wa kitu kinachokubali kubebwa. Fundi alisimama naye mikononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Majuma tisa aliishi na hariri ndani ya nyumba yake, akiiogopa.

Akamshusha majini, akanena: "Ewe Mstaafu, mzee wa kioo na taa, uliyebebwa mfukoni na mtu aliyenitangulia! Nimekukosea. Nilidhani nakutukuza, kumbe nakulisha gauni. Sasa nakusihi, legea!"

"Fundi," mkewe akaita kutoka jikoni, "unaongea na nani?"

Mstaafu akatoa ulimi, akaurudisha, akalala.

Alhamisi, siku ya pili, beseni asubuhi na beseni jioni, na kati yake chatu akatembezwa juu ya gunia lililotandazwa nyuma ya mlango. Vipimo vikaandikwa mara nne. Uvimbe, inchi sita kasorobo. Uvimbe, inchi sita kasorobo. Mwenyekiti wa ushirika alikuja kujaribu koti, akaambiwa angoje, fundi yuko bafuni na mstaafu mmoja; akauliza ni mstaafu wa wizara gani.

Ijumaa, siku ya tatu, saa tatu asubuhi, vidole vya Fundi vilivyozoea kutafuta mshono gizani chini ya bitana vilihisi kitu. Uvimbe ulikuwa umesogea inchi moja na nusu kuelekea kusini. Aliupima mara mbili. Akatoka hadi barazani na maji yakimchuruzika hadi viwikoni, akautangazia ulimwengu, na ulimwengu siku hiyo ulikuwa kinyozi na mteja wake mwenye povu kidevuni.

"Umesogea!"

"Umetoka?" kinyozi akauliza.

"Umesogea!"

Kinyozi akamfuata ndani, akafunga mlango, akashusha sauti. "Sikiliza, Fundi. Akitoa, hilo godoro lichome. Rudisha gazeti. Mtoto akija, mnyama mzima, gazeti chini, taa juu. Nani atajua? Mimi mdomo wangu unaujua."

Kwa kweli mdomo wake ulijulikana na mtaa mzima, lakini hiyo siyo sababu iliyomfanya Fundi akatae. Alikuwa ameshamshika Mstaafu mara nne. Alikwisha kujua kwamba upande wa kushoto wa shingo ana kovu dogo, na kwamba akipapaswa chini ya taya hutulia, na kwamba mtu fulani, zamani, alimzoesha hivyo. Hakuweza kumdanganya mtoto wa mtu huyo. "Nitamwambia," akasema.

"Atakwenda kwa shangazi yake."

"Najua."

Mkewe alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha ndani na birika. Alisikia yote. Jioni akamimina maji kwenye beseni, akayajaribu kwa kiwiko chake mwenyewe. Kisha alivuta kigoda akakaa, na nusu saa yote ya jioni ile walikuwa wawili kwenye beseni.

Ikapambazuka Jumamosi. Ewe kalamu, usitetemeke sasa! Saa nne kamili Mstaafu aliingia majini kwa mara ya sita. Saa nne na dakika kumi uvimbe ulifika mwisho wa njia, umbali wa vidole viwili kutoka langoni. Saa nne na robo mkia ukajikunja, ukajikunjua, na pale langoni, juu kidogo ya maji, ukatokeza uzi.

Ulikuwa mweupe. Ulikuwa na urefu wa inchi moja, ukining'inia.

Majemadari wa zamani waliona majeshi elfu yakishuka mlimani, lakini hakuna hata mmoja aliyejaribiwa kama alivyojaribiwa mtu huyu. Miaka ishirini na sita ya kazi ikasimama nyuma ya bega lake ikimwambia: vuta. Kidole gumba na cha shahada vikakutana vyenyewe. Mkono wa kulia ukatoka majini, ukatambaa ukingoni mwa beseni, inchi tano, inchi nne, na Fundi akiutazama kama mtu anayetazama gari lake likiteremka bila dereva. Jasho likamwingia kwenye miwani. Hakupata pumzi ya hotuba.

"Nishike," akasema.

"Nini?"

"Mkono! Nishike mkono!"

Mama akaangusha birika. Akaudaka ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akaukandamiza pajani kwake, akaukalia nusu. Kinyozi, aliyekuwa ameingia kuomba maji ya moto, akasimama mlangoni na wembe wazi mkononi, na nyuma yake mteja wake mwenye shavu moja lililonyolewa, akanyoosha shingo. Hakuna aliyesogea. Mkono ukavuta. Mama akakaza. Mkono ukavuta tena, kucha za mama zikauachia alama, na huku mkono wa kushoto, usiojua kazi ya uzi, ukiendelea kupapasa taratibu kuelekea mkiani, kupapasa, si kuminya, kama ulivyoamriwa. Dakika zikapita kumi na tisa. Tumezihesabu.

Saa nne na dakika thelathini na nne Mstaafu aliinua mkia wake juu ya maji, wima, kwa utulivu wa mtu anayeomba kusema kikaoni. Lango likafunguka. Vikatoka vipande viwili vyeupe kama chaki, ndio mkojo wa chatu, kikatoka kilichokuwa panya, na katikati yake, ikiwa imejikunja lakini haikukatika, ikatoka lesi ya harusi.

"Amekunya!" kinyozi akapaza sauti, na barabara nzima ikasikia. "Amekunya, jamani!"

Mteja wake akapiga makofi bila kujua ni ya nini. Mama alikuwa bado ameukalia mkono, anacheka na kulia kwa pamoja, na ilibidi aombwe mara mbili aurudishe. Lesi ikaoshwa, ikanyooshwa juu ya meza, ikapimwa. Ilikuwa inchi tatu na nusu kamili. Hakuna kilichobaki ndani.

Basi la saa sita lilifika saa sita na dakika ishirini. Binti aliingia na begi begani, akasema, "Shikamoo, Fundi," na Fundi akaitikia, kisha akasimama palepale mbele yake na kisahani mkononi. Alikuwa ametunga hotuba tangu saa tano, yenye mwanzo wa fahari na kilele chenye majuto. Haikuja hata sentensi moja.

"Nilibadilisha," akasema. "Nilimshonea godoro. Alimeza hii pamoja na panya. Alifunga choo siku thelathini na moja. Ametoa leo, saa nne na nusu. Daktari amemwona tena, anasema yuko salama. Lakini ulisema gazeti tu, na mimi nilibadilisha."

Binti alitazama kisahani. Hakulitua begi. Akaenda chumba cha katikati, akamtoa Mstaafu, akampapasa kutoka kichwani hadi mkiani, taratibu, macho yamefumbwa, kama alivyofundishwa akiwa na miaka sita. Mama alisimama kando ya kabati na hakuthubutu kumgusa mwanawe.

"Nani alikuwa anamwogesha?" binti akauliza bila kufumbua macho.

"Mimi," Fundi akasema.

"Kwa koleo?"

"Kwa mikono."

"Hajajikunja," binti akasema, kama anayejisemea. "Akishikwa na mtu asiyemtaka hujikunja siku nzima." Akafumbua macho. "Na uzi? Ulitokeza uzi?"

"Ulitokeza."

"Ukafanya nini?"

"Nusura anivunje mguu," mama akasema, "lakini hakuuvuta."

Binti akautazama mkono wa Fundi wenye alama za kucha. Akamrudisha Mstaafu sandukuni, juu ya gazeti. Kisha akatoa simu mfukoni, akaenda kusimama dirishani na begi lake bado begani, akapiga. Fundi akarudi dukani, akakaa kwenye cherehani, wala hakukanyaga pedali. Ukuta wa nyumba ile ni mwembamba.

"Shangazi, shikamoo. Nimefika, ndiyo... Yuko mzima. Alikuwa amefunga choo, lakini leo ameshapata... Hapana, msinifuate. Nitakaa huku... Likizo yote... Hakuna aliyenilazimisha, Shangazi, nataka mwenyewe." Akasikiliza kidogo. "Aliogeshwa na baba."

Huko upande wa pili ilikuwa wazi kwamba mtu ameuliza swali.

"Baba wa huku," binti akasema.

Kisha likasikika begi likitua sakafuni.

Mama akaja hadi mlangoni mwa duka. Fundi alikuwa ameshika kitambaa cha koti la mwenyekiti, amekitazama, hakioni.

"Amesema nini?" akauliza.

"Umesikia."

"Nimesikia. Niambie tena."

Basi na iandikwe mahali panapoandikwa mambo makuu, chini ya kuanguka kwa miji na juu ya kutawazwa kwa wafalme, kwamba Jumamosi hiyo, saa saba kasorobo mchana, Fundi Macho Manne, Bwana wa Mikasi Mitatu, Mfungua Lango la Mstaafu, alipata cheo ambacho hakuna jemadari aliyewahi kujivika mwenyewe. Kina maneno matatu tu, na neno la tatu linaonyesha mpaka wake. Fundi hakuomba kipunguzwe wala kiongezwe. Kilimkaa.